Dada yangu hakupona baada ya tiba ya umeme: wagonjwa wa namna hii huishia wapi?

Ndugu wa Ujiji (Kigoma), Jumapili saa 3:20 usiku

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Naandika kwa niaba ya dada yangu, mwenye umri wa miaka 43, ambaye amekuwa na sonona kwa muda unaokaribia miaka mitatu. Kabla ya ugonjwa alikuwa akiuza mawese, na wenzake sokoni walimjua kwa jambo moja: alikuwa akichovya ncha ya kidole ndani ya dumu, akikisugua na kidole gumba, kisha akikuambia kama mafuta hayo yamechanganywa au ni safi. Siku hizi dumu likiwekwa mbele yake halishiki wala halisogezi.

Alianza kutibiwa hapa hapa mkoani, akapewa amitriptilini kwa miezi kadhaa, baadaye fluoksetini, na hatukuona nafuu. Alipofikia hatua ya kukataa chakula na kusema kwamba matumbo yake yameoza, kwa hiyo hakuna haja ya kula, tulipewa rufaa kwenda hospitali kubwa nje ya mkoa. Tulisafiri naye kwa treni, akalazwa, na huko akapewa tiba ya umeme mara 6. Tuliambiwa kwamba ndiyo tiba yenye nguvu kuliko zote kwa sonona kali. Sasa ni wiki ya tano tangu turudi, na bado anakaa kwenye mkeka ameegemea ukuta tangu asubuhi hadi jua linapozama.

Majirani wanasema umeme umemmaliza ubongo. Mama yetu ameacha hata kuuliza habari za kliniki, kwa sababu anaona mlango wa mwisho umekwisha kufungwa. Naomba wenye ujuzi mniambie kwa uwazi: wagonjwa wa sonona ambao hawakupona hata baada ya tiba hii, huishia wapi?

Muuguzi Mstaafu (Tabora), Jumapili saa 4:45 usiku

Mwanangu, pole kwa kuuguza. Nilifanya kazi ya uuguzi wa magonjwa ya akili kwa miaka 31 kabla ya kustaafu na kurudi Tabora, na nimesimama kichwani pa wagonjwa wengi wakipewa tiba hiyo. Swali lako nitalijibu, lakini kwanza tulitazame hilo neno "hakupona", kwa sababu ndani yake wamo watu wa aina mbalimbali. Yumo ambaye tiba haikufika kipimo. Yumo aliyepata nusu ya nafuu. Yumo aliyepona kabisa akarudiwa baada ya wiki chache, na kwa kuwa nyumbani hawakuiona ile siku aliyokuwa mzima, wakahesabu kwamba hakupona. Na yumo aliyepewa tiba kamili, kwa usahihi, na ugonjwa haukutikisika. Watu wakiuliza kama ulivyouliza humfikiria huyu wa mwisho, ilhali wengi niliowaona walikuwa katika makundi yale mengine.

Nitakupa mfano wa jinsi tofauti inavyokuwa kubwa. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2001 uliwafuatilia wagonjwa 253 waliopewa umeme pande zote mbili za kichwa. Miongoni mwa waliomaliza tiba, 87 katika kila 100 waliondokewa na dalili, na kwa wale waliokuwa wakiamini mambo yasiyokuwepo, kama hayo ya matumbo kuoza, walifika 95. Miaka mitatu baadaye watafiti wengine walikwenda kwenye hospitali 7 za kawaida za eneo la New York, wakawafuatilia wagonjwa 347, wakakuta kwamba waliopona kabisa walikuwa kati ya 30 na 47 tu katika kila 100, kutegemea hospitali. Tiba ni ile ile. Watafiti hao waliona kwamba sababu mojawapo ni kuwa tiba ilikuwa ikisimamishwa mapema, mgonjwa akishaonekana ana ahueni kidogo.

Kwa hiyo tafuta karatasi ya kuruhusiwa na uniambie yaliyoandikwa. Mara 6 ni kiwango cha chini. Kwa kawaida mgonjwa hupewa kati ya mara 6 na 12, mara 2 au 3 kwa wiki. Tiba hii hufanya kazi kwa kuleta kifafa kifupi mgonjwa akiwa usingizini, kwa hiyo tazama kama umeme uliwekwa pande zote mbili au upande wa kulia pekee, maana upande mmoja huhitaji kipimo kikubwa zaidi, hadi mara 6 ya kile kiwango cha chini kabisa kinacholeta kifafa, wakati pande mbili hutosheka na mara moja na nusu. Tazama pia kama sekunde za kifafa zimeandikwa. Sisi tulikuwa tukifunga mpira wa kupimia presha kwenye kifundo cha mguu mmoja kabla dawa ya kulegeza misuli haijaingia, ili mguu huo ubaki na nguvu zake. Mwili mzima ukitulia kwa nusu kaputi, ni vidole vya mguu huo tu vilivyokuwa vikitikisika, na mmoja wetu alisimama pale na saa akihesabu. Kifafa kikikoma kabla ya sekunde 20, tulijua leo pengine hatukufanya kitu. Na mwisho, angalia dawa alizokuwa akimeza siku hizo hizo, hasa za usingizi.

Ndugu wa Ujiji, Jumatatu saa 1:05 usiku

Shikamoo mama. Nimeipata karatasi, ilikuwa ndani ya begi lake la safari pamoja na tiketi. Imeandikwa umeme mara 6, pande mbili. Sekunde zimeandikwa kwa mara nne tu: 31, 24, 16 na 14, kwa mpangilio huo, kisha nafasi mbili ziko wazi. Imeandikwa pia diazepamu miligramu 10 kila usiku kwa muda wote wa kulazwa, kwa sababu alikuwa halali. Dawa ya kuendelea nayo nyumbani ni fluoksetini peke yake.

Kuhusu kusimamishwa, ukweli ni kwamba sisi wenyewe tuliomba. Likizo ya shemeji aliyekuwa akimuuguza ilikuwa imekwisha, na fedha za chakula na malazi ya muuguzaji zilikuwa zimekwisha pia. Daktari alitaka tubaki. Jambo jingine ambalo sikuliandika kwanza kwa sababu sikuliona kuwa na maana: habari za matumbo kuoza hajazitaja tena tangu mara ya tatu au ya nne, na siku moja wodini aliomba ugali na migebuka, akala nusu. Sahani hiyo shemeji aliipiga picha.

Muuguzi Mstaafu, Jumatatu saa 2:30 usiku

Marahaba, mwanangu. Hiyo picha ya sahani itunze, uende nayo kliniki.

Sikumwona dada yako na siwezi kusema zaidi ya karatasi inavyosema, lakini karatasi inasema mengi. Diazepamu hupandisha kile kiwango cha umeme kinachohitajika ili kifafa kitokee, na pia hukifupisha. Kabamazepini na dawa nyingine za kifafa nazo hufanya hivyo. Hata bila dawa, ubongo wenyewe huwa mgumu kadiri tiba inavyoendelea, ndiyo sababu kipimo huongezwa kidogo kidogo. Sekunde zinazoshuka kutoka 31 hadi 14 ni jambo ambalo daktari bingwa angependa kuliangalia. Sekunde peke yake si mizani kamili, kwani wapo wenye kifafa kifupi waliopona vizuri, hasa wazee. Lakini zikiwekwa pamoja na valiamu (ndiyo hiyo diazepamu) ya kila usiku na tiba iliyoishia mara ya 6, mimi nisingemwandika mgonjwa huyu katika daftari la walioshindikana. Ningemwandika katika la ambao hawajamaliza.

Na ile imani ya matumbo kuoza, ambayo imeondoka, si jambo dogo. Ndiyo iliyokuwa ikimzuia kula. Kwa sonona ya aina hiyo kwa kawaida dawa ya sonona huambatana na dawa ya kutuliza imani hizo, mathalani olanzapini au risperidoni. Uliza kwa nini ameruhusiwa na fluoksetini peke yake, dawa ile ile ambayo haikumsaidia kabla ya umeme. Uliza kwa heshima, kwani huenda ipo sababu ambayo haikuandikwa.

Mwana wa Kasulu, Jumatatu saa 4:00 usiku

Kwa heshima zote, mimi natofautiana na mama muuguzi. Kumpitishia binadamu umeme kichwani ni mambo ya ukatili ya zamani, na familia hii imekwisha kupewa ushahidi kwamba hayasaidii. Baba yangu mdogo alipewa shoti hizo miaka mingi iliyopita, akiwa macho, ameshikwa na watu wanne, na hadi anafariki alikuwa akiogopa hata kuwasha taa. Ushauri wangu ni kwamba ndugu yetu aache hizo dawa zote, ampumzishe dada yake na ampeleke kwenye maombi. Ubongo ukiachwa hujiponya wenyewe.

Mke wa Mtu wa Reli (Isevya, Tabora), Jumanne saa 12:40 asubuhi

Nimesoma mazungumzo haya tangu jana nikiwa sina hakika kama niandike, kwa kuwa habari yangu si ya kufurahisha sana, lakini ndugu ameuliza wanaishia wapi, na mimi naishi na mmoja wao.

Mume wangu alikuwa mfanyakazi wa reli. Sonona ilimpata akiwa na miaka 51, na baada ya dawa tatu tofauti alipewa umeme mara 12, katika hospitali ambayo sitaitaja, kwa nusu kaputi na kwa utaratibu wote ambao mama muuguzi ameueleza. Hakuna aliyekatisha. Hakupona. Daktari alituita ofisini akasema wazi kwamba matokeo si yale waliyoyatarajia, na namshukuru hadi leo kwa kutoficha.

Miezi sita iliyofuata ndiyo iliyokuwa migumu kuliko yote, zaidi ya ile ya kabla. Kabla ya umeme kulikuwa na jambo la kusubiri, na baadaye hapakuwa nalo. Yeye mwenyewe alisema hivyo, kwamba kama hiki nacho kimeshindwa basi yeye si wa kutibika. Sikumwacha peke yake. Dawa ya kupulizia tumbaku tuliihamishia kwa kaka yake kijijini, vidonge nilivishika mimi na nilimpa vya siku moja moja, na shemeji zangu walipangiana zamu bila yeye kujua kwamba ni zamu.

Kumbukumbu nayo ilimsumbua. Mdogo wake alifariki wiki chache kabla ya kulazwa, na mazishi alihudhuria mwenyewe, akatupa udongo. Baada ya tiba aliniuliza mbona mdogo wake haji kumwona. Nilimwambia, akalia msiba upya. Baada ya siku tatu akauliza tena. Mara ya tatu sikuweza kusema, nikamwita mwanangu aseme. Uwezo wa kushika mambo mapya ulirudi, sasa anakumbuka bei ya kila kitu kuliko mimi. Lakini miezi ile minne au mitano ya kuzunguka tiba haikurudi, na mazishi yale anayajua kwa kusimuliwa tu.

Kilichomsogeza ni kuongezewa lithiamu juu ya amitriptilini. Haikuwa ghafla. Wiki ya nne alianza kunyoa ndevu bila kukumbushwa. Ilichukua karibu miaka miwili kufika alipo, na alipo si mwisho wa safari: asubuhi bado ni nzito, hazungumzi hadi saa nne, na kazi ya reli hakuirudia. Anafuga nyuki, mizinga 9, na mchana anakuwa mtu ambaye ninamfahamu. Kama mtu akiniuliza amepona, nasema hapana. Akiniuliza kama kulikuwa na faida ya kuendelea, sihitaji kufikiri.

Muuguzi Mstaafu, Jumanne saa 2:15 asubuhi

Dada wa Isevya, ahsante kwa kuandika. Ningependa watu wa lithiamu wajifunze kwako, pamoja na kwamba dawa hiyo inataka kupimwa damu, figo na tezi ya shingo kwa ratiba, maji ya kutosha, na kuripoti hospitali haraka mgonjwa akiharisha au kutapika. Na dawa za maumivu kama diklofenaki, ambazo kila duka linauza, zisichanganywe nayo kienyeji, kwani huipandisha kwenye damu hadi kuwa sumu.

Mwana wa Kasulu, aliyotendewa baba yako mdogo yalitokea kweli mahali pengi, na sina sababu ya kuyatetea. Tiba hii ilianza Roma mwaka 1938, chini ya madaktari Cerletti na Bini, na kwa miaka ya mwanzo ilitolewa bila usingizi wala kulegeza misuli, watu wakavunjika hata mifupa. Ndiyo sababu nusu kaputi si anasa. Maombi pia sina ugomvi nayo. Wagonjwa wangu wengi walikuwa na padri au shehe wao, na walifarijika.

Ugomvi wangu ni na neno moja: "aache dawa". Hilo silikubali hata kidogo, na nitasema kwa nini. Mwaka 2001 ulichapishwa utafiti wa watu waliokuwa wamepona kabisa kwa umeme, kisha wakagawanywa makundi matatu. Waliopewa vidonge visivyo na dawa ndani yake, 84 katika kila 100 walirudiwa na ugonjwa ndani ya miezi 6. Waliopewa notriptilini, ambayo ni ndugu wa amitriptilini, 60. Waliopewa notriptilini pamoja na lithiamu, 39. Hao walikuwa wamepona! Umeme hukuondoa shimoni lakini haukujengei ukuta wa kukuzuia usiingie tena. Kazi hiyo ni ya dawa, au ya kurudia umeme mara moja moja kwa miezi kadhaa. Aliyepata nusu ya nafuu yuko ukingoni zaidi, kwani dalili zilizobaki ndizo zinazorudisha nyingine. Kumwachisha dawa dada huyu katika wiki ya tano ni kumsukuma.

Na kuhusu ubongo kumalizwa: picha na vipimo vya miaka mingi havijaonyesha kwamba umeme huu huua chembe za ubongo. Upotevu wa kumbukumbu upo, na dada wa Isevya ameueleza kuliko kitabu. Lakini mtu anayekaa ameegemea ukuta kutwa, mara nyingi kinachomkalisha pale ni sonona yenyewe.

Daktari Kijana (Kigoma Mjini), Jumanne saa 7:50 mchana

Shikamoo mama, na nawasalimu wote. Nina mambo mawili ya kuongeza. La kwanza, mgonjwa asipopona kwa tiba kubwa kama hii, ni wajibu kurudi nyuma na kuuliza kama ugonjwa wenyewe ulitambuliwa sawasawa. Tezi ya shingo inayofanya kazi kwa uvivu, upungufu wa damu au wa vitamini B12, maambukizi ya VVU au kaswende iliyofika kwenye ubongo, pombe inayonywewa kwa siri, mwanzo wa ugonjwa wa kutetemeka, yote hayo huweza kuvaa sura ya sonona. Kuna pia wale ambao zamani waliwahi kuwa na kipindi cha uchangamfu uliopitiliza, kutolala, na kutumia fedha bila mpangilio. Hao dawa zao ni nyingine, na familia isipoulizwa haisemi. Vipimo hivi vingi havihitaji kuvuka mkoa.

La pili ni ketamini, kwa sababu najua mtu ataiuliza. Ni dawa ya usingizi tunayoitumia kila wiki katika upasuaji, na kwa kipimo kidogo imeonekana kupunguza sonona kwa haraka. Utafiti wa Sweden wa mwaka 2022, kwa wagonjwa waliolazwa, ulikuta 63 katika kila 100 wakipona kwa umeme na 46 kwa ketamini. Mwaka uliofuata, utafiti wa Marekani kwa wagonjwa wasio na imani potofu ulikuta nafuu kwa 55 katika kila 100 waliopewa ketamini na 41 katika kila 100 waliopewa umeme. Kwa hiyo si tiba ya kubezwa, lakini dada wa Ujiji alikuwa na imani ya matumbo kuoza, na watu wa aina yake hawakuwamo katika utafiti huo wa pili. Isitoshe nafuu ya ketamini mara nyingi hudumu siku chache ikiachwa peke yake. Tafadhali mtu asiende kuitafuta dukani.

Ndugu wa Ujiji, Alhamisi saa 2:00 usiku

Nawashukuru nyote, pamoja na Mwana wa Kasulu, maana aliyoyaandika ndiyo yanayosemwa barazani kwetu na sasa nina la kujibu.

Leo asubuhi tulikwenda kliniki. Nilichukua karatasi, picha ya sahani, na daftari ambalo nimeanza kuandika kila jioni: amekula nini, amelala saa ngapi, amesema maneno gani. Mganga wa zamu aliisoma karatasi mara mbili, akapiga simu mbele yetu kwa hospitali iliyomlaza kuuliza zile nafasi mbili zilizo wazi. Wamesema watatafuta faili. Hapa kliniki wameongeza olanzapini, wamechukua damu kwa ajili ya tezi, na wamesema baada ya wiki tatu tukikuta hali ni hii hii wataandika rufaa nyingine ili tiba iendelezwe, safari hii bila diazepamu ikiwezekana. Valiamu zilizobaki nyumbani, vidonge 22, nimezikabidhi pale pale.

Nauli na posho ya muuguzaji tumeanza kuchanga, na safari hii nitakwenda mimi ili tusiombe tena kuondoka kabla ya wakati. Mama alikuja nasi kliniki. Nilipokuwa nikimsimulia dada njiani kwamba kuna mtu Tabora anafuga nyuki, aliuliza: "Mizinga mingapi?" Nimeandika kwenye daftari.